Kwenda Pemba: Kusi au Kaskazi?

Leo naomba niandike juu ya swali ambalo wengi wetu huulizwa na majirani huku ughaibuni, na ambalo mimi mwenyewe nimekuwa nikilijibu vibaya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Majuzi nilikuwa natembea kuzunguka ziwa la hapa Greenbelt na mwenzangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili kama mimi, mtu wa bara. Akaniuliza, "Profesa, nataka kuipeleka familia Pemba. Wakati gani ndio mzuri?" Nikamjibu papo hapo, bila hata kufikiri: "Julai." Akashukuru, tukaendelea na mazungumzo mengine.

Kufika nyumbani jibu langu likaanza kuniwasha. Julai kwa nini? Nikijichunguza kwa haki, sababu ilikuwa moja tu: shule za huku kwetu Maryland hufungwa katikati ya Juni na kufunguliwa mwishoni mwa Agosti. Yaani mwenzangu aliniuliza majira ya Pemba, mimi nikampa kalenda ya shule za kaunti. Na naamini siko peke yangu. Wengi wetu tulio Marekani na Ulaya tunakwenda kwetu Julai na Agosti, mwaka baada ya mwaka, kisha tunawasimulia watu habari za kisiwa kizima ilhali tumekiona nusu.

Mama yangu yupo Wete, na umri wake umeshavuka themanini. Kila nikimpigia simu kumwambia kwamba tunakuja mwezi wa saba hucheka, halafu husema neno lake lile lile: "Mwanangu, wewe watoka kaskazini ya dunia, vipi kila mwaka waja na kusi?" Zamani nikidhani ni mzaha tu. Kumbe bibi huyu, ambaye hakusoma jiografia darasani, alikuwa ananifundisha somo zima kwa sentensi moja. Hebu tulifungue.

Kwanza maneno yenyewe. Sisi wa lugha tunajua kwamba kusi na kaskazi ni pepo, na ni majira, na ndiyo mama wa kusini na kaskazini. Mtu wa mwambao alitaja pande za dunia kwa upepo unakotoka. Huku Greenbelt mwaka hugawanywa kwa joto na baridi, na ni haki yao, maana mvua yao hunyesha karibu sawasawa mwezi hadi mwezi. Kinachobadilika ni kama utavaa koti au hutavaa. Kwetu kinyume chake. Tofauti ya joto baina ya mwezi wa baridi na mwezi wa joto ni ndogo, lakini upepo hugeuka kabisa, na mvua huja kwa misimu. Ndiyo maana nasikitika nikiona vitabu vya shule vinavyofasiri majira ya joto ya Wazungu kuwa "kiangazi" kisha vikaishia hapo. Julai, huku ndiyo jua la utosi. Pemba ni kipupwe, na wazee hujitanda kanga mbili asubuhi. Ukimwambia mtoto wako "tunakwenda kiangazi", umeshampotosha kabla hajapanda ndege.

Pili, upepo wenyewe. Kuanzia Desemba bara la Asia limepoa, hewa yake ni nzito, inasukuma kuja kwetu: hiyo kaskazi. Kufika Aprili au Mei mambo yamegeuka, bara la Asia linapata moto, linavuta hewa kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi: hiyo kusi. Kwa hiyo kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliingia kwetu na kaskazi, Desemba mpaka Machi, yakangoja, kisha yakarudi na kusi. Mgeni wa kaskazini alifika na upepo wa kaskazini, hakuwa na njia nyingine. Ndilo alilokuwa anasema mama: wewe mgeni wa aina gani, unatoka juu na unakuja na upepo wa chini?

Sasa tuutazame mwaka wa Pemba, niseme kila msimu unampa mgeni nini na unamnyima nini.

Kipupwe, yaani Juni mpaka Agosti. Kwa mtu aliyezoea viyoyozi ni raha: usiku unalala vizuri, mchana unatembea bila kutota jasho. Hupita vimvua vidogo vya mchoo, vinanyesha na kukatika. Barabara za mashamba zimekauka, unaweza kufika Msitu wa Ngezi bila kukwama. Lakini ndio wakati kusi linavuma kwa nguvu. Mjomba wangu alikuwa mvuvi upande wa Kiuyu, mashariki ya kisiwa, na kila tulipomtembelea tulikuta ngalawa yake imevutwa juu mchangani. Binti yangu wa mwisho alipokuwa na miaka kumi, mwalimu wake hapa Greenbelt aliwataka wachore walikokwenda likizo. Alichora ngalawa nne juu ya mchanga, na watu wamekaa kivulini wanashona nyavu. Picha nzuri kabisa, nikaibandika jikoni. Lakini siku moja akaniuliza, "Baba, hivyo vyombo vya Pemba huwa vinaingia baharini kweli?" Hapo nikaona aibu. Mtoto wa ukoo wa wavuvi, hajaona mjomba wake akitweka tanga!

Demani, kuanzia mwishoni mwa Agosti kuelekea Oktoba na Novemba. Kusi limechoka, upepo ni wa wastani, bahari imetulia. Wataalamu wa kamusi mtakumbuka kwamba demani pia ni kamba ya kudhibiti tanga, na mimi huona majina hayo mawili yanakaa pamoja vizuri, kwa sababu ni wakati ambao chombo kinadhibitika. Na huu ndio wakati ambao kwa kawaida karafuu zimepamba moto. Msimu wa karafuu hauna tarehe ya kudumu. Huanza Julai au Agosti, na mwaka wa neema huvuka mpaka Januari, na kuna miaka mikarafuu hupumzika ikazaa kidogo tu. Lakini ukiupata, umeipata Pemba yenyewe. Watu wapo mitini, watoto na akina mama wanachambua, makonyo huku na karafuu kule, majamvi yametandazwa mpaka pembezoni mwa lami, na ile harufu inaingia hata ndani ya mto wa kulalia. Mvua ikitaka kunyesha utaona mji mzima unakimbia. Mgeni wa Juni haoni hayo. Anaona miti ya kijani tu na kuambiwa "hii ndiyo mikarafuu".

Ila kuna jambo la kuangalia: tangu 1995, uchaguzi mkuu huja kila baada ya miaka mitano, mwezi wa Oktoba, na mara ya mwisho ulikuwa Oktoba 2025. Sisi Wapemba hatuhitaji kuambiwa kwamba mwaka huo mazungumzo ya barazani huwa na moto wake. Anayekwenda kupumzika na watoto asichague Oktoba ya uchaguzi.

Vuli, Oktoba mpaka Desemba: mvua fupi. Hapa ndipo ninapowaambia watu wawe na subira, kwa sababu vuli ni kigeugeu kuliko masika. Hutegemea sana hali ya joto la bahari, upande wetu na upande wa Indonesia. Bahari ya upande wetu ikiwa na joto kuliko kawaida, vuli hufurika, kama ilivyokuwa 1997 na tena 2019. Ikiwa kinyume, vuli hupita kama haikuja. Anayekwambia kwa uhakika Novemba ijayo itakuwaje anabahatisha. Kati ya kusi na kaskazi kuna siku za maleleji, pepo hazijaamua, na wazee wa baharini waliziita tanga mbili, kwa kuwa chombo kiliweza kwenda juu au kushuka chini. Bahari siku hizo huwa kama mafuta. Anayetaka kupiga mbizi kule Misali hana wakati bora.

Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka mwanzo wa Machi. Joto, tena la kweli. Mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku hauna nafuu kubwa. Mtu aliyetoka Greenbelt, ambako Januari maji ya ziwa yanaweza kuganda, mwili wake utapata mshtuko. Lakini huu ndio wakati wa maembe ya kila aina, na ukiwahi unakuta shokishoki na duriani. Mjomba alikuwa akitoka na ngalawa alfajiri na kurudi na kitoweo. Fukwe za kaskazini, kama ile ya Vumawimbi karibu na Ras Kigomasha, zinapata upepo mbele kwa mbele, na jina lenyewe linakwambia. Lakini kina wetu wa magharibi kule Wete na Chake wamejificha ndani ya ghuba, kwao ni shwari.

Masika, katikati ya Machi mpaka Mei. Simshauri mgeni wa mara ya kwanza. Mvua ya Pemba si ya mchezo, na vijia vya mashamba huwa matope. Hata hivyo, mtafiti anayetaka kukaa na watu wakiwa nyumbani, kwenye kilimo cha mpunga mabondeni, atajifunza mengi kuliko mtalii wa Agosti.

Nimesema habari za bahari kana kwamba ni starehe. Si starehe tu. Kati ya Pemba na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na baina ya Unguja na Pemba unapita maji ya Nungwi ambayo kila Mpemba anayajua. Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, meli ya Skagit ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na Chumbe kwa upepo mkali na mawimbi, na watu zaidi ya mia moja wakapotea. Kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, mamia ya watu wakafa. Ile ya pili ilijazwa kupita kiasi, wala tusiusingizie upepo. Lakini funzo langu kwa wageni ni hili: kama unakwenda wakati wa kusi, usipange kuvuka kwa meli siku moja kabla ya ndege yako ya kurudi. Jipe siku mbili tatu, na ukiambiwa leo bahari chafu, kaa. Ndege ndogo kutoka Unguja huchukua kama nusu saa, na ukiwa na mzee au mtoto mchanga, ni fedha iliyotumika vizuri.

Mpaka hapa nimezungumzia jua na upepo. Lakini kuna kalenda ya pili, ile ya mwezi, na hii ndiyo inayowachanganya wenye kupanga safari kwa vitabu vya watalii. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma na kuzunguka misimu yote kwa muda wa miaka thelathini na tatu hivi. Mimi nilifunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza mwaka 1981 nikiwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa Julai, kipupwe, kiu haikunitesa, nikajiona shujaa. Mwaka 2013 tulikwenda na watoto, Ramadhani ikawa imerudi Julai ile ile, nami nikafuturu kwenye jamvi lile lile la mama. Sikuwa nimepanga; mwezi ndio uliopanga.

Wahenga wetu waliliona tatizo hili, kwamba mwezi hauwezi kumwambia mkulima lini apande wala nahodha lini atweke. Ndiyo maana walishika na mwaka wa jua, ule wa Nairuzi, wakahesabu siku 365 na kuzigawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Wanafunzi wangu hushangaa nikiwaambia kwamba mwongo ulikuwa siku kumi kabla ya kuwa miaka kumi. Na kwa kuwa hesabu ile haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, hata Nairuzi nayo imesogea polepole, leo Mwaka Kogwa wa Makunduchi unaangukia Julai. Kumbe walikuwa na saa mbili ukutani, moja ya ibada na moja ya upepo, na walizisoma zote. Sisi tumebaki na ya tatu, ya shule na kazi, tunaisoma hiyo peke yake.

Kichekesho ni kwamba mimi naishi karibu na wanaoipima mvua ya Pemba. Kituo cha Goddard cha NASA kipo hapa hapa Greenbelt. Kuanzia 1997 mpaka 2015 walishirikiana na Wajapani kwenye setilaiti ya TRMM, ya kupima mvua ya nchi za joto, na mwaka 2014 wakarusha ya pili, GPM, kutoka kisiwa cha Tanegashima huko Japani. Takwimu zao ziko wazi kwa kila mtu. Nikitaka, naketi sebuleni, theluji iko dirishani, naangalia kama jana ilinyesha Wete. Siku moja nilimpigia mama, nikajitia ujuzi: "Mama, naona jana mmepata mvua." Akanijibu, "Mvua tumeipata, na karafuu za jirani zimeroa zote. Hilo umeliona?" Sikuwa na jibu. Setilaiti inajua mvua ilinyesha kiasi gani. Nani alikuwa na karafuu nje, hiyo ni habari ya mtu aliyepo.

Sasa ushauri, na nitasema waziwazi. Anayekwenda mara moja tu maishani, na hafungwi na shule, aende mwishoni mwa Septemba au Oktoba isiyo ya uchaguzi: bahari imetulia, karafuu zipo, joto halijapanda. Mwenye watoto wa shule aende Julai au Agosti bila kujilaumu, ila awaambie watoto ukweli kwamba wanaona kusi, na kwamba vyombo havikai mchangani mwaka mzima. Tena atazame na mwezi: mwaka huu wa 2026 Mfungo Sita unaangukia Agosti, kwa hiyo atakayekuwepo atasikia maulidi. Mwenye mzazi mzee asitazame hali ya hewa. Amuulize mzazi mwenyewe lini anataka kuwaona. Swali dogo kabisa, na mimi sikuwahi kuliuliza.

Nililiuliza juzi. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Njooni maembe yakiwepo. Na msije Ramadhani, nataka kuwapikia mchana." Nikachukua karatasi. Binti yangu wa mwisho anaingia chuo Agosti hii, na vyuo vya huku hufunga tangu katikati ya Desemba mpaka karibu mwisho wa Januari. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuzaa, kaskazi imetufungukia mlango. Lakini mlango wenyewe unajifunga: Ramadhani ya 2027 itaanza kama tarehe 8 Februari, ya 2028 mwishoni mwa Januari, ya 2029 katikati ya Januari, na mwaka 2030 zitaanza Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine Desemba. Kila mwaka nitakaochelewa, siku za mama kutupikia mchana zinapungua. Na kalenda yake yeye, ya umri, hakuna kituo kinachoipima.

Basi nimekata tiketi za Desemba, kutoka Dulles kwa njia ya Addis Ababa. Ghali, lakini nimenyamaza. Mjomba hayupo tena, ngalawa yake anayo mwanawe, na nimemwomba asimpe binti yangu sukani siku ya kwanza.

Na yule mwenzangu nimempigia simu kufuta jibu langu. Safari hii sikumwambia mwezi. Nilimuuliza, "Unakwenda kuona nini, na kumwona nani?"

Wasalaam,
Greenbelt, Maryland